Tundu Lisilopumua

Jumatatu ni siku ya kufua. Katika jengo la Harmon, pale Erie, mji wa kando ya ziwa kule Marekani, hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, na labda ndiyo maana inafuatwa. Mabibi wa jengo lile waliirithi Jumatatu kwa mama zao kama walivyorithi sahani za kaure, na meneja hata abandike matangazo kwenye kila mlango kwamba siku ya kusafisha mabomba mashine zisiwashwe, wao huwasha. Basi asubuhi ile ya Januari, Dorsey Pruitt alipoegemeza ngazi yake kwenye ukuta wa nyuma, ukuta mzima ulikuwa unapumua. Kila tundu la mashine ya kukaushia nguo lilitoa mvuke mweupe, fuu, fuu, kama ng'ombe waliopangwa safu kwenye baridi.

"Niliwaambia ofisini watuweke Jumanne," alisema Dorsey akikaza kamba ya ngazi. "Nimewaambia mwaka jana, nimewaambia mwaka huu. Sikio la mkubwa ni pambo tu."

"Panda, mzee," alijibu Ivelisse. "Ukimaliza kuihutubia theluji, uniite."

Ivelisse Cordero alikuwa mwenzake wa kazi, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya mpagazi na mdomo usio na breki. Yeye peke yake katika kampuni ndiye aliyekubali kupanda gari moja na Dorsey. Wengine walisema kusafiri naye ni kama kusikiliza redio yenye stesheni moja: wakubwa hivi, wakubwa vile, wenye bima, wenye majumba, meya na wenzake. Redio hiyo iliwashwa siku alipomzika mkewe Marlene, na haijazimwa.

Walifanya kazi tundu kwa tundu. Ivelisse anapanda ngazi za ndani, anamwomba mwenye nyumba azime mashine. Dorsey, juu ya ngazi ya nje, anafungua kifuniko, anasukuma brashi yake ndefu inayozungushwa na drili, na kutoka kwenye bomba inamwagika sufi ya nguo, ile ya kijivu, mabonge kwa mabonge, kama mto wa zamani uliopasuka. Sufi hiyo ikijaa, bomba huziba. Bomba likiziba, mashine hupata joto, na sufi inawaka haraka kuliko karatasi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haina sifa, ila majengo hayaungui.

Nyumba moja tu waliiacha ya mwisho, ya bibi Opal Hatch, ghorofa ya tatu. Walikutana naye asubuhi kwenye ngazi, amekumbatia kapu la nguo lililomzidi kimo.

"Tundu langu lifanye mwisho kabisa, kijana," alimwambia Dorsey, ambaye magoti yake yalilia kila alipoyakunja. "Leo ni mataulo. Mataulo hayapendi kuharakishwa."

"Nyumbani kuna joto, mama?"

"Joto!" Opal alicheka. "Tangu Krismasi mabomba ya joto yanatutembelea kama jamaa wa mbali. Yanakuja jioni, yanaondoka kabla hatujalala. Lakini mimi ninajua kujipasha."

Dorsey akatukana wenye jengo, Ivelisse akamvuta mkono wa koti, wakaenda zao.

Sasa Dorsey alikuwa amefika usawa wa ghorofa ya tatu. Alisafisha tundu la kushoto, akasogeza ngazi, akapanda tena. Akasimama.

Tundu la Opal halikuwa linapumua. Juu ya mdomo wake theluji ilikuwa imekaa kimya, haijayeyuka hata punje.

"Amemaliza kufua," alisema Ivelisse kutoka chini.

"Mataulo? Kabla ya mchana?"

Dorsey alivua kofia, akaweka sikio kwenye bati. Bati lilimchoma kwa baridi. Ndani, mbali, alisikia pipa la mashine likizunguka, dum, dum, dum, na zipu ya nguo fulani ikigonga, ting, kila mzunguko. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na hakuna kilichotoka.

"Ni wavu!" alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na furaha. "Si nilisema? Garrett na wavu wake!"

Garrett Lindqvist alikuwa meneja wa jengo. Majira ya kuchipua yaliyopita, wapangaji walipolalamika kwamba kwezi wanajenga viota kwenye matundu, alinunua nyavu za chuma akaziba yote. Kwezi hawakuingia tena, ila sufi nayo haikutoka. Dorsey alimwambia. Garrett akamwambia nyavu zimeidhinishwa na makao makuu. Kuna watu hufurahi wakijikuta hawana hatia. Dorsey alifurahi zaidi akimpata mwenye hatia.

Aling'oa wavu kwa koleo. Akautazama. Ulikuwa safi. Nyuzi mbili tatu zilipeperuka juu yake, basi.

Akaingiza brashi. Kwa kawaida fimbo hukwama, husukumwa, hubembelezwa kwenye kona. Hii iliingia tu, ikaenda, ikaenda, kama mkono unaopita katika mkono wa koti lisilo na mtu. Alipoivuta, haikurudi na kitu. Lakini kutoka kwenye bomba ilimjia harufu, hafifu, vuguvugu, ya sabuni ya maua na kitambaa kibichi. Harufu hiyo aliijua. Ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe, miaka ya Marlene.

Kila kipupwe Marlene alichomoa bomba ukutani, nyuma ya mashine, akalivalisha soksi yake ndefu ya nailoni iliyotoboka, akaifunga kwa mpira wa nywele. Soksi inazuia sufi, joto na mvuke vinabaki ndani. Madirisha yanatiririka maji, midomo haipasuki, na nyumba nzima inanuka usafi. "Kwa nini niwapashe joto shomoro wa nje?" alikuwa akisema. Mama yake alifanya hivyo. Wanawake wote wa kando ya ziwa lile walifanya hivyo. Na hakuna aliyedhurika, kwa sababu mashine zao zilikuwa za umeme.

Za Harmon zilikuwa za umeme pia, mpaka kiangazi kilichopita. Wenye jengo wakapiga hesabu zao, wakaona gesi ni rahisi, wakazitoa za umeme wakaweka za gesi, nyeupe, zilezile ukizitazama kwa mbele. Mashine ya gesi ina moto tumboni, na pumzi yake inabeba sumu, ile ile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, isiyo na rangi wala harufu.

*Mimi ninajua kujipasha.*

Dorsey alishuka ngazi kama mtu anayeanguka polepole.

"Wapigie zimamoto," alisema. "Opal amechomoa bomba. Anajipulizia ndani."

Ivelisse hakuuliza. Alikuwa ameshatoa simu, anatembea huku anaongea, kisha anakimbia. "Wanakuja," alisema kwenye ngazi za ndani, akihema. "Lakini wako kwenye ajali, barabara kuu, malori yamegongana kwenye theluji. Wamesema tumtoe kama tunaweza."

Mlango wa Opal ulikuwa umefungwa. Dorsey aligonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi.

"Mama Opal! Fungua! Ni fundi wa mabomba!"

Dum, dum, ting, ilijibu mashine.

Mlango wa pili ukafunguka. Bibi Lavonne Tuttle alichungulia, vibanio vya nywele kichwani. "Mnataka kuubomoa ukuta?"

"Umemsikia Opal leo?"

"Si alikuwa anaimba! Kila Jumatatu huimba, tena hana huruma. Akanyamaza."

"Alinyamaza lini?"

"Nijue mie? Nilimshukuru Mungu." Kisha akauona uso wa Dorsey, na mkono wake ukaenda kwenye koo. "Kuna nini?"

Garrett akatokea kutoka kwenye lifti, viatu vyembamba vya ofisini, rundo la funguo kiunoni. "Pruitt! Nani anapiga milango ya wapangaji wangu?"

"Fungua huu. Ndani kuna gesi ya sumu."

"King'ora hakijalia."

"Vile ving'ora vyenu vya bei ya karanga?" Lavonne aliingilia. "Vinalia ukikaanga yai. Opal alichomoa chake, amekitia kwenye droo ya soksi. Sote tumevitoa."

Garrett aliutazama mlango. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuambiwa, na watu wa kuambiwa ndio wakubwa wanaowaweka mlangoni. "Siwezi kuingia bila notisi ya siku moja. Mnajua kesi ya vuli. Niliingia kwa mpangaji kuzima maji, wakatushtaki, nikabakishwa kazini kwa barua ya onyo. Niwapigie makao makuu kwanza. Ni dakika tu."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu ili wote washuhudie kwamba yeye amepiga. Ikapokelewa na mashine. *Simu yako ni muhimu kwetu.* Kisha muziki. Fidla, taratibu, wimbo wa kuwalaza watoto wa matajiri.

Dorsey alikigeukia kitasa.

"Lete drili," alimwambia Ivelisse.

"Pruitt, huo ni uharibifu wa mali!"

"Andika."

Alibadilisha brashi akaweka keekee, ile ya kutobolea chuma, akaikandamiza kwenye kitasa. Chuma kililia, vipande vya shaba vikamwangukia kwenye viatu. Keekee iliingia kidogo, ikaingia tena kidogo, kisha mlio wa drili ukaanza kushuka. Asubuhi nzima ilikuwa nje kwenye baridi, na baridi ilikuwa imeinyonya betri. Ikazunguka kama mtu anayesinzia. Ikasimama.

"Nyingine?"

"Ipo kwenye gari," alisema Ivelisse, naye alishageuka.

"Hapana. Subiri."

Fidla ziliendelea. Ndani, dum, dum, ting. Dorsey alimgeukia Garrett, na Ivelisse akajiweka tayari kumshika, maana alidhani sasa atampiga. Lakini sauti ya Dorsey ilitoka chini, karibu ya kuomba.

"Garrett. Marlene wangu alishikwa na kifua, bima wakasema piga kwanza tukupe ruhusa ya hospitali. Nikapiga. Wimbo wao ulikuwa kama huo. Walipokuja kwenye simu, walilitamka jina lake vizuri kabisa, bila kukosea. Alikuwa ameshakufa."

Garrett alitazama simu yake. Ilikuwa inapiga fidla mkononi mwake kama kitu alichookota. Akaanza kupapasa funguo, akaangusha rundo, akaliokota, akajaribu moja, sio, akajaribu nyingine. Ufunguo uligoma kwenye kitasa kilichoumizwa na keekee. Akauzungusha kwa mikono miwili. Mlango ukafunguka upana wa vidole, ukakamatwa na mnyororo wa ndani.

"Pisheni," alisema Ivelisse.

Akarudi nyuma hadi ukutani, akaja na bega. Mnyororo ulikatika mara ya kwanza.

Joto bichi liliwapiga usoni. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Madirisha hayakuonyesha kitu, maji tu yakiteremka, na harufu ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomtisha Dorsey, harufu nzuri ya nguo safi na ya nyumba yenye mama ndani.

"Bana pumzi!" alipaza sauti. "Ivelisse, dirisha!"

Dirisha lilikuwa limegandishwa na barafu. Ivelisse alichukua pasi ya chuma kwenye meza akaipitisha katikati ya kioo.

Opal alikuwa kwenye kiti chake, taulo lililokunjwa nusu mapajani, kichwa kimeanguka begani. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya msichana aliyetoka kuteleza kwenye barafu, wekundu wa uongo, wekundu wa sumu. Dorsey alimshika kwapani. Alikuwa mwepesi, lakini alilegea kama nguo iliyolowa, na magoti ya Dorsey yakakataa. Akajaribu tena. Halafu miguu ya bibi ikanyanyuka yenyewe, akaona ni Garrett, uso umebanwa, mashavu yamejaa pumzi, ameishika miguu ile yenye soksi za sufu kana kwamba ni ya mama yake.

Wakamtoa hadi kwenye dirisha la ngazi. Lavonne alikuwa ameshalifungua, na theluji ilikuwa inaingia.

Dorsey akavuta hewa, akarudi ndani peke yake. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Akaizima, akafunga gesi. Nyuma yake, bomba laini la bati lililala sakafuni, na mdomoni limevaa soksi ya nailoni, rangi ya chai, imefungwa kwa mpira wa nywele, fundo zuri, la mtu mwenye mazoea. Kifua kilikuwa kinawaka. Angeliiacha pale. Badala yake mkono wake uliivua, ukaitia mfukoni, kabla kichwa hakijaulizwa.

Alipotoka, Ivelisse alikuwa amepiga magoti, sikio kwenye mdomo wa Opal, kidole kimoja juu kuwanyamazisha wote. Garrett alikuwa amesimama na simu, na simu bado inapiga fidla.

"Izime," alisema Lavonne.

Akaizima. Kwenye kimya kile hawakusikia kitu, ila theluji ikigonga kioo.

"Anapumua," alisema Ivelisse. "Kidogo. Ee Mama wa Mungu, kidogo sana."

Dorsey alikaa kwenye ngazi, akaushika mkono wa Opal akiusugua, asijue kama anafanya hivyo kwa ajili ya mkono ule au kwa ajili ya mwingine. Zimamoto walipofika kwa kishindo cha mabuti, wakamvalisha bibi kinyago cha hewa safi. Kifaa chao cha kupimia sumu kikaanza kupiga kelele kabla hawajavuka hata kizingiti.

Baada ya muda ambao kila mmoja wao angeusimulia kwa urefu tofauti, kope za Opal zilitikisika. Akamwona Dorsey. Akasema neno ndani ya kinyago. Dorsey akainama.

"Mataulo," alisema Opal.

"Yamekauka, mama."

"Mwongo. Si kabla ya mchana."

Ivelisse alicheka kwa sauti, kisha akageukia ukuta akajifuta uso kwa glavu chafu.

Walipomshusha kwa machela, mkuu wa zimamoto alibaki. Alikuwa mtu mzima mwenye sharubu zilizoganda. Alitazama nyuma ya mashine, akarudi. "Bomba liko chini. Lilitokaje?"

"Kuchezea mashine ni kinyume cha mkataba," alisema Garrett. Alisema bila nguvu, kama mtu anayesoma kilichobandikwa. "Mpangaji akichomoa, anahamishwa. Kanuni ya wenye jengo."

"Nimemuuliza fundi."

Soksi ilikuwa bado ina joto mfukoni. Dorsey alijua ni mkono wa nani uliochomoa lile bomba. Alijua pia ni mikono ya akina nani iliyozima joto la nyumba, ikabadilisha mashine, ikanunua ving'ora vya kulia bure, na kwamba mikono hiyo haitahamishwa popote.

"Kibano kiliachia," alisema. "Mashine hizi hutikisika. Waliozifunga walitumia vibano vya rahisi."

Ivelisse alimtazama mfukoni. Ncha ya soksi ilikuwa inaning'inia nje. Akapiga hatua moja, mabega yake yale akayaweka kati ya Dorsey na mkuu, akaanza kukung'uta koti.

Garrett naye alikuwa ameiona. "Vibano vilikuwa vya rahisi," alisema. "Nilisaini mimi mzigo ulipokuja."

"Nyumba nyingine zikaguliwe leo," alisema Dorsey. "Zote."

"Nitapeleka ombi kwa wenye jengo," alijibu mkuu. "Wakiidhinisha, kesho kutwa."

Dorsey alingoja mabuti yashuke, akaitoa soksi mfukoni, akavuka ukumbi hadi mlango uliokuwa wazi. Bibi Lavonne alikuwa amesimama pale, mikono imekumbatia kifua.

"Mama Lavonne," alisema Dorsey, akaiinua soksi mbele yake. "Mimi sikuulizi kwa ajili ya ofisi. Nakuuliza mimi."

Bibi aliitazama. Shingo yake ikapanda rangi.

Tundu lake lilikuwa la kwanza Dorsey kulisafisha asubuhi ile. Lilikuwa linapumua vizuri, mvuke mnene, mweupe, hata akamsifu.

"Mimi hulivalisha usiku tu," alisema Lavonne kwa sauti ndogo, "wakishazima joto. Asubuhi narudisha bomba mahali pake, nyie msione."

Dorsey alikunja soksi ya Opal, akaishika pamoja na bisibisi.

"Nipeleke nyuma ya mashine nikalikaze bomba, mama," alisema. "Halafu tutakwenda kwa jirani yako."